Orodha Katika Daftari la Mtoto

Ndugu msomaji, Jumamosi moja nilikuwa nikiyatia majalada madaftari ya kijana wangu, nikakuta ukurasa ulioandikwa kwa mwandiko wake safi: maji lita 35, mkaa kilo 20, chokaa kilo moja na nusu, chumvi gramu 250, shura gramu 100, kiberiti gramu 80, chuma gramu 5.

Fikra yangu ya kwanza ilikuwa kwamba mtoto ametumwa dukani. Lakini ni duka gani hapa Tandika linalouza kiberiti kwa gramu? Na mtu mwenye akili timamu atanunua chuma gramu tano cha kumfaa nini? Chini ya orodha alikuwa amepiga mstari na kuandika: Jumla, mtu mzima mmoja.

Nikatoka uani kumtafuta. Tunaishi katika nyumba ya kupanga, familia nne, uwanja mmoja, bomba moja. Nyuma ya jiko, pale tunapoanika nguo, nilikuta duara kubwa limechorwa sakafuni kwa chaki, na ndani yake pembetatu na alama nisizozijua. Katikati ya duara ilikuwapo kanga iliyokunjwa vizuri. Niliitambua mara moja. Ilikuwa kanga ya marehemu dada yangu, mama yake mtoto huyu. Naye mwenyewe alikuwa amechuchumaa pembeni, kopo la chumvi mkononi.

Kwa bahati mbaya sikuwa wa kwanza kuona. Mpangaji mwenzetu alikuwa amesimama mlangoni pake, mwanawe amemkumbatia kifuani. “Shoga,” akaniambia kwa sauti ya chini, “humu ndani tumeletewa nini?”

Unazijua mitaa yetu, ndugu msomaji. Neno la uchawi likishatamkwa uani asubuhi, jioni limefika sokoni. Nikashikwa na hofu na aibu kwa pamoja. Nikachukua ndoo na ufagio nikalifuta lile duara, nikamvuta mtoto ndani, na mbele ya macho yake nikalirarua daftari lake lote, orodha na michoro, tangu jalada hadi jalada. Simu niliyokuwa nikimwazima jioni nikaifungia kabatini.

Hakulia. Aliokota vipande kimoja kimoja, kisha akasema, “Mama mdogo, hata hivyo nisingemaliza. Najua anayekuja huwa si yeye.”

Usiku ule sikulala. Naandika haya kwa sababu naamini wapo wazazi na walezi wengine wanaorarua madaftari kama nilivyorarua mimi, wakidhani wanawaokoa watoto wao.

MTOTO ASIYESUMBUA

Dada yangu aliugua na kufariki mwaka juzi. Kijana wake, wakati huo mwenye umri wa miaka tisa, akaja kwangu na begi moja la nguo na kanga ile. Baba yake ni dereva wa malori yaendayo Tunduma na kuvuka mpaka. Kwa mwezi tunamwona siku nne, na siku nyingine tunamsikia simuni. Ndugu walikaa, wakaafikiana kwamba mtoto akae na mama yake mdogo, na kwa desturi yetu shauri likawa limekwisha. Alikula, alikwenda shule, aliamkia watu wazima, alifua sare zake. Sote tukasema amezoea. Leo naona kwamba mtoto asiyesumbua ndiye tunayemsahau upesi, kwa kuwa tunauhesabu ukimya wake kuwa ndio uzima wake.

Kesho yake nilimpeleka kwa bibi yake Mwananyamala, nipate msaada wa mtu mzima. Bibi hakugomba. Alimketisha mkekani, akamuuliza duara lile alifundishwa na nani.

“Ni manga, bibi,” akajibu mtoto.

“Manga?” Bibi akanigeukia. “Basi ni mambo ya Waarabu hayo. Nani katika mtaa wenu ametoka Manga?”

Mimi pia nilidhani hivyo. Sisi tunaijua pilipili manga, na wazee wetu waliwajua Wamanga waliokuja na majahazi kutoka Omani. Mtoto akatucheka, mara ya kwanza kwa siku mbili, akatueleza kwamba kwa Kijapani hadithi za picha huitwa manga, na kwamba hadithi yenyewe inahusu ndugu wawili waliofiwa na mama yao.

Hapo bibi na mimi tukatazamana, na hakuna aliyecheka.

NDUGU WAWILI

Kwa kuwa kazi yangu ni kuuliza maswali, nikaenda kuuliza. Katika nyumba ya tatu kutoka kwetu yupo kijana anayesoma Chuo Kikuu. Ana vitabu vitatu vya mfululizo huo kwa Kiingereza, akaniazima. Nilivipitisha kwa bibi siku niliyokwenda kumtazama. Akakifungua kimoja, akaona kwamba kinaanzia kulia kwenda kushoto kama msahafu, akakifunga kwa ushindi. “Si nilisema? Kimetoka Manga.” Na ni kweli kwamba vitabu vya Kijapani vya namna hii husomwa kutoka kulia, hata vikitafsiriwa.

Hadithi hiyo inaitwa Fullmetal Alchemist. Mwandishi na mchoraji wake ni mwanamke, Hiromu Arakawa, aliyezaliwa mwaka 1973 katika kisiwa cha Hokkaido, kaskazini mwa Japani, kwa wazazi wafugaji wa ng’ombe wa maziwa. Ilianza kutoka mwaka 2001 katika gazeti la kila mwezi la vijana, sura moja kila toleo, ikaendelea mpaka mwaka 2010. Sura zote ni 108, zikakusanywa katika vitabu 27, na nakala zilizochapishwa zimepita milioni 80.

Mkasa wenyewe ni huu. Edward na Alphonse ni ndugu wanaoishi kijijini na mama yao. Baba aliondoka zamani. Mama anaugua, anafariki. Katika nchi yao ya kubuni ipo elimu ya alkemia, neno la asili ya Kiarabu lililo ndugu wa hii kemia tunayosoma shuleni. Mwenye elimu hiyo huchora duara, akageuza kitu kimoja kuwa kingine. Lakini ipo sheria: hupati kitu bila ya kutoa kingine chenye thamani sawa. Watoto hawa wanapiga hesabu ya vitu vilivyomo katika mwili wa mtu mzima, maji kiasi hiki, chumvi kiasi hiki, wanavikusanya, wanachora duara, wanajaribu kumrudisha mama yao. Mkubwa ana umri wa miaka 11, sawa na kijana wangu.

Hawampati mama. Mkubwa anapoteza mguu, mdogo anapoteza mwili mzima. Kaka anautoa na mkono wake ili aifunge roho ya mdogo wake ndani ya vazi la chuma la kivita. Tangu hapo wanazunguka nchi, mmoja kwa mkono na mguu wa chuma, mwingine akiwa chuma kitupu, wakitafuta namna ya kuirudisha miili yao.

Arakawa amepata kueleza kwamba wazo la kutoa ili upate lilitokana na maisha ya wazazi wake shambani, waliofanya kazi ngumu ili wapate kula. Niliposoma hayo nilitabasamu, kwa maana sisi nasi tulilelewa kwa msemo kwamba asiyefanya kazi na asile. Mambo ya vita yaliyomo humo hakuyatunga ofisini tu; alizungumza na wakimbizi na askari wa zamani kabla ya kuyaandika.

Basi ndiyo hayo niliyoyaita ushetani.

SANDUKU LA BABA

Yafaa nikiri jambo jingine. Nilipokuwa nikirarua daftari lile nilisema kwa sauti, ili mpangaji mwenzetu asikie, kwamba mambo haya ya kigeni ndiyo yanayotuharibia watoto. Wiki ile ile nilifungua sanduku la marehemu baba kutafuta hati fulani, nikakuta chini yake magazeti ya Sani ya miaka ya 1980, yamefungwa kwa kamba ya katani.

Wasomaji wenye mvi watakumbuka. Sani lilipata jina lake kwa waanzilishi wake wawili, Saidi Bawji na Nico ye Mbajo. Humo ndimo Philip Ndunguru, mchoraji aliyefariki akingali kijana, alimowachora Ndumilakuwili na Lodi Lofa na wenzao. Na alipoondoka, wachoraji wengine wakaendelea kuwachora, maana wasomaji hawakukubali watu wale wazikwe pamoja naye. Kabla yao, Christian Gregory alikuwa akimchora Chakubanga katika gazeti la Uhuru, na Chakubanga akapendwa kiasi kwamba watu wengi waliita kila kibonzo kwa jina lake.

Na hayo ya ajabu, ya watu kugeuzwa na nchi zisizokuwapo, je, ni ya kigeni? Shaaban Robert alitupa Kusadikika mwaka 1951, nchi iliyo angani. Mwaka uliofuata akatupa Adili na Nduguze, ambamo mtu hulazimika kila usiku kuwapiga mijeledi manyani wawili huku akilia, kwa sababu manyani wale ni ndugu zake wa tumbo moja waliogeuzwa. Tulikisoma tukiwa watoto, na hakuna mzazi aliyekirarua. Nenda Mwenge leo, kwenye vinyago vya Wamakonde, utaona mashetani ya mpingo yenye jicho moja na midomo iliyopinda. Tunawauzia wageni na wengine tunawaweka sebuleni.

Wala si jambo jipya kwa hadithi kuhama kutoka chombo kimoja kwenda kingine. Nilipokuwa mtoto huku Temeke tulibanana kwenye vibanda vya video kutazama filamu za Kichina na za Kimarekani, na sauti ya Lufufu ikitusimulia kwa Kiswahili mpaka wale watu wa mbali wakawa kama wa Tandika. Filamu ya Titanic ilipotoka mwaka 1997 na kuutikisa mji, haikukaa sana kabla ya Joshua Amandus Mtani kuichora kwa Kiswahili katika vitabu vya picha. Filamu ikawa karatasi. Kwa Wajapani mara nyingi huenda kinyume, karatasi ikawa filamu, kisha mchezo wa mashine. Na hapo ndipo lilipokuwa fumbo la kijana wangu, nami nusura nisilione.

SURA YA MAMA

Nilitaka kujua yeye aliipata wapi hadithi hii, maana vitabu hakuwa navyo. Akaniambia kwamba rafiki yake alilipa kwa kijana anayepakia filamu kwenye flashi karibu na soko, wakaitazama kwenye simu, vipande vifupi vifupi, wakisoma Kiingereza cha chini ya picha kwa kubahatisha. Nikaifungua kabati, nikaitoa simu, nikamwambia, “Baba, tuanze mwanzo. Mimi na wewe.”

Kila usiku, baada ya chakula na masomo, tulitazama vipande viwili. Kila kimoja ni kiasi cha dakika 24. Mimi nilimfasiria Kiingereza, yeye akanifasiria mambo ya alkemia. Nilichoka, ndugu msomaji. Mtu anayeamka saa kumi na moja kuwahi basi hana usiku wa kuchezea. Lakini sheria ya wale ndugu ilikuwa imeniingia: ukitaka kupata, toa.

Tulipokaribia mwisho, alitokea mwanamke mmoja, msaidizi wa mtawala wa nchi, naye alikuwa na sura ya mama yao. Hakuwa mama. Alikuwa ni kile kiumbe kilichozaliwa usiku ule wa duara, kimekua, kinawachukia, na kaka analazimika kupigana nacho hali mdogo wake anashindwa hata kuinua mkono. Nilimtazama kijana wangu. Alikuwa ameugeuzia uso ukuta.

“Hapa huwa sitazami,” akasema.

Nikaizima simu. Tukakaa kimya kitambo. Kisha akaniambia jambo ambalo kwa miaka miwili hakuliambia mtu yeyote. “Nikimwota mama, namkimbia. Najua ni yeye, halafu nasema labda si yeye.”

Nilikosa la kumjibu. Mtoto alikuwa amefiwa na mama mchana, na usiku akanyang’anywa hata ndoto yake. Na duara lile la chaki, akanieleza, alilichora ili apime: akilichora sawasawa na asitokee mtu, basi atajua kwamba hakuna anayeweza kuja na sura ya mama.

Kesho yake nilimweleza habari hiyo yule kijana wa Chuo Kikuu. Akaniuliza swali ambalo sikulitegemea: “Dada, mlitazama ipi? Ya kwanza au ya pili?”

Kumbe filamu za mfululizo huu ni mbili, na haziendi njia moja. Ya kwanza, yenye vipande 51, ilionyeshwa nchini Japani tangu Oktoba 2003 mpaka Oktoba 2004. Wakati huo Arakawa alikuwa bado yuko mbali na mwisho wa hadithi yake. Gazeti lake ni la mwezi, na televisheni inataka kipande kila wiki. Kwa ridhaa yake, watengenezaji wakatunga njia yao wenyewe na mwisho wao wenyewe, ambamo ndugu wale wanaishia kutenganishwa. Yule mwanamke mwenye sura ya mama ni wa kwao. Ya pili, yenye vipande 64, ilianza Aprili 2009 ikamalizika Julai 2010, wakati ule ule vitabu vilipofika tamati, nayo inafuata vitabu.

“Katika vitabu,” yule kijana akasema, “someni hiki cha pili nilichowaazima. Atafukua.”

Jioni ile tulikisoma. Edward, baada ya miaka, anarudi kijijini na kukifukua mahali walipokizika kile kiumbe cha usiku wa duara. Mvua inanyesha, anatapika, lakini anaendelea. Bibi mmoja jirani yao, aliyewalea baada ya msiba, yuko naye. Wanakuta nywele, na rangi yake si ya nywele za mama. Wanaupima mfupa wa paja, na urefu wake si wa mama. Kile kitu hakikuwa yeye hata chembe. Aliyekufa hakuguswa. Hakuitwa, hakuja, hakuteseka mara ya pili kwa makosa ya wanawe.

Kijana wangu aliurudia ukurasa ule mara tatu.

“Kwa hiyo hakuwa mama yao hata kidogo?”

“Hata kidogo.”

“Basi mama yao hakuumia tena.”

“Hakuumia tena, baba.”

Akafunga kitabu, akavuta shuka. Sitakudanganya kwamba ndoto zile zilikwisha usiku huo huo. Zimemrudia mara mbili tatu. Lakini siku moja alipoamka aliniambia kwamba amemwota mama yake anakaanga maandazi na kumgombeza kwa kuchelewa shule. Nilimuuliza kama alikimbia. Akasema, “Ningekimbiaje, na maandazi yalikuwa ya moto?”

KIBANDA CHA GEMU

Ili nisiache kitu, nilimfuata pia kwenye kibanda cha gemu anakopeleka sarafu zake. Niliukuta mpira wa miguu, magari, na watu wanaopigana ngumi; hadithi ya wale ndugu haikuwapo. Lakini michezo yake ipo. Wa kwanza wa mashine ya PlayStation 2 ulitoka mwaka 2003, wa pili mwaka 2004, wa tatu mwaka 2005. Nayo haikufuata vitabu moja kwa moja; ilitungiwa mikasa mipya, na mchezaji humwongoza Edward huku mdogo wake akipigana kando yake.

Niliketi kwenye benchi pale, nikawatazama watoto. Mpiganaji wa mmoja akaanguka, akafa. Mtoto akabonyeza kitufe, mpiganaji akasimama mzima. Nikafikiri moyoni: hadithi moja, nayo inaweza kumpa mtoto majibu matatu juu ya kifo. Kitabu kinamwambia kwamba aliyekufa harudi, nawe unaruhusiwa kupumzika. Filamu ya kwanza inamwambia kwamba atakayekuja na sura yake si yeye. Gemu inamwambia abonyeze tena. Na sisi wazazi, tukiulizwa mtoto anatazama nini, tunajibu: katuni.

Sisemi kwamba filamu ile ya kwanza ni mbaya. Ni kazi ya watu hodari, na mtu mzima ataona ndani yake huzuni ya kweli. Nasema kwamba haikuwa na mtu wa kuketi karibu na mtoto wangu alipoitazama. Wala sisemi kwamba vitabu ni vya kila mtoto. Humo yumo baba anayemgeuza binti yake mdogo na mbwa wao kuwa kiumbe kimoja, ili tu asipoteze cheo chake, na mkasa huo umo katika filamu zote mbili. Mimi mwenyewe nilishindwa kula baada ya kuusoma. Mwenye watoto wadogo na atangulie kutazama yeye, kama anavyoonja uji kabla ya kumlisha mwana.

Wazazi wenzangu, ninayo machache ya kuwaomba. Tukikuta jambo tusilolielewa katika daftari la mtoto, tuulize kabla ya kurarua. Jina la kitu halitoshi. Mtoto akisema katuni fulani, tumuulize ni ipi, na imefika wapi, na ni sehemu gani ambayo huwa haitazami. Hiyo sehemu asiyoitazama ndiyo ya kuketi naye. Na watoto waliofiwa tusiwahesabu kuwa wamezoea kwa sababu wanafua sare zao.

Nilinunua daftari jipya, la kurasa nyingi kuliko lile. Nilimkabidhi mbele ya bibi yake, nikamwambia, “Nimekukosea, unisamehe.” Si rahisi kwa mtu mzima kutamka maneno hayo kwa mtoto, na bibi alikohoa kidogo, lakini hakunikatiza. Kijana akalipokea kwa mikono miwili. “Ulirarua moja, umeleta moja,” akasema, akicheka. “Tumelingana, mama mdogo.”

Nilijua hatujalingana. Kurasa tupu si badala ya michoro ya miezi sita. Yeye pia alijua, maana ana hesabu nzuri. Lakini alinisamehe deni lililobaki, na katika sheria zote za alkemia sikuiona iliyotaja msamaha.

Mwezi uliopita tulikwenda makaburi ya Kinondoni, sisi watatu. Tuling’oa majani kwenye kaburi la dada, tukaomba dua. Kijana alisimama hapo muda mrefu bila ya hofu. Wakati wa kurudi, ndani ya daladala, bibi aliniinamia sikioni ili mjukuu wake asisikie.

“Kile kitabu cha Manga,” akaninong’oneza, “yule mdogo aliupata mwili wake?”

Nikamwambia aliupata. Kaka yake aliitoa elimu yake yote, asiweze tena kugeuza kitu chochote, ili mdogo wake arudi.

Bibi akaitazama barabara kitambo. “Kaka mzuri huyo,” akasema. “Siku nyingine uniletee nikione hicho kipande.”